Kengele Kabla ya Mgeni Rasmi

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe tisa Novemba, saa nane mchana, mnyororo ulipolia nje ya mlango wa ukumbi.

Krrr. Kisha kufuli. Kach.

Mpiga picha alishusha Nikon yake. Hakuwa mpiga picha. Alikuwa mpelelezi, na kazini walimwita Mgane. Jina hilo la siri wakubwa walimpa udongo wa kaburi la mkewe haujakauka. Walicheka sana siku hiyo.

Aligusa kidude cha sikioni.

"Mgane hapa. Nani kafunga mlango?"

"Mimi," alijibu Mkuu. "Taarifa imeingia sasa hivi. Ulichokishuku ni kweli. Masanduku ya zawadi yana bunduki chini. Wenye mzigo wameshtuka, wanataka kuteketeza ushahidi. Kuna bomu. Rimoti anayo mmoja wa wageni."

"Anafananaje?"

"Fulana ya bluu."

Mgane alitazama ukumbi. Klabu mbili za kujitolea, wenyeji na pacha wao kutoka ng'ambo ya mpaka, walikuwa wanatembeleana kama kila mwaka. Zawadi zao hazikaguliwi mpakani. Amri ya wakubwa.

"Mkuu, hapa kila mtu ni bluu. Hadi keki."

"Ndiyo maana nimefunga. Asitoke mtu."

"Akijua kafungiwa, atabonyeza."

"Basi asijue."

Rahisi kusema hivyo ukiwa ndani ya Land Cruiser yenye kiyoyozi.

Masanduku yalipangwa mbele, chini ya jukwaa, yameandikwa: *Mashine za Watoto Njiti.* Juu ya moja aliketi katibu wa klabu, mkunga wa hospitali, akifunga utepe.

Binti yake. Wa pekee.

"Baba! Na wewe na koti hilo! Ulioa nalo, unataka uzikwe nalo?"

"Bado linanitosha."

"Linakutosha huku unatoka jasho hivyo?"

"Shuka hapo, mama."

"Ngoja nimalize utepe. Marehemu mama angefurahi leo."

Mashine ya kupumulia ambayo ingemwokoa marehemu ilikuwepo hospitali. Stoo. Imevishwa utepe, inasubiri mgeni rasmi aje kuizindua. Mgeni rasmi alikuja baada ya mazishi. Akakata utepe, akapigiwa makofi.

Mlangoni mama mmoja alitikisa kitasa.

"Jamani, humu choo kinaombwa kwa barua?"

Watu wakacheka. Mwingine akatikisa. Madirisha yalikuwa na nondo. Kicheko kikaanza kupungua.

Muda ulikuwa unakwisha.

Mgane alimwendea mwenyekiti, mama mwenye duka la vitambaa.

"Mama Mwenyekiti, anza kikao."

"Nianzeje, baba? Meza kuu tupu. Kengele haigongwi kabla ya mgeni rasmi."

Alitazama meza kuu. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe. Chupa za maji hazijafunguliwa. Katikati, kengele ya shaba na nyundo yake ndogo.

Kengele.

Alimkumbuka binti yake jikoni, akijicheka: "Baba, mwanachama akisikia kengele anasimama kabla hajafikiri. Juzi ililia ya shule jirani, nikasimama na sahani mkononi! Hata pacha wetu wako hivyohivyo."

Alipanda jukwaani.

"Mgane, unafanya nini?" Mkuu alifoka sikioni. "Usiguse kitu. Mgeni rasmi yuko njiani."

"Atafika lini?"

"Subiri tu."

"Nilishasubiri mara moja."

Akagonga.

Ngaaa!

Ukumbi mzima ukasimama. Bibi mwenye mkongojo akasimama. Jamaa mwenye keki mdomoni akasimama. Mama wa chooni akasimama, miguu kaibana. Binti yake akaruka kutoka kwenye sanduku, wima kama mshumaa.

Mmoja alibaki kitini.

Yule mwenye kipara, mwenye beji nyingi kifuani kuliko wote, aliyewachekesha watu tangu asubuhi. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaanza kuinuka taratibu, kama mtu asiyejua wimbo anayefuatisha wenzake.

Macho yao yakagongana.

Mkono wa kipara ukazama mfukoni.

Nikon ikaruka. Chuma kitupu. Ikampata kwenye kifundo cha mkono, rimoti ikateleza chini ya meza. Kabla hajaifuata, Mgane alikuwa juu yake, mdomo wa bastola yake ya Glock sikioni.

"Kaa hivyohivyo, bwana. Ulikuwa umekaa vizuri."

Mnyororo ulifunguliwa. Wategua mabomu wakaingia mbio. Nyuma yao Mkuu, ananukia marashi.

"Kazi nzuri. Juu watafurahi."

Mgane alichomoa kidude cha sikioni, akakidumbukiza kwenye mfuko wa koti la Mkuu.

"Taarifa ya bomu iliingia saa nane?"

"Saa nane, ndiyo."

"Meza kuu ilitakiwa kufika saa sita. Hajaja hata dereva wao."

Mkuu alianza kukagua viatu vyake.

Mgane hakungoja. Alimshika binti yake mkono, wakatoka juani, polepole, kama watu wanaotoka sokoni.

"Baba," binti alisema, "wewe ni mpiga picha wa aina gani?"

"Wa harusi."

Nyuma yao vile viti vilibaki na vitambaa vyake vyeupe, bila hata mkunjo. Huyo kipara ameulizwa, kanyamaza. Mkuu ameulizwa, kasema suala liko juu. Na huko juu hakuna anayepokea simu.

Nani aliwaambia wasije?