Jua Ndani ya Mtori

Asubuhi, ukungu hushuka polepole kutoka Mlima Meru mpaka kijiji cha Maji ya Chai. Kilele huonekana kidogo, kisha hujificha tena. Nashilu aliipenda saa hiyo. Alipita kati ya migomba akiwa na panga, umande ukimlowesha miguu, kama mtu ambaye bado yumo ndotoni.

Alisimama kwenye mgomba ulio karibu na banda. Akakata jani bichi. Ng'ombe wao, Upendo, akanyoosha shingo na kulia.

"Ngoja, mama," Nashilu alimwambia. "Si ndiyo nakuletea?"

Ilikuwa Agosti, na kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi. Majani ya mgomba yalikuwa karibu. Upendo alikula na kutoa maziwa. Lakini mkungu wa mgomba ule ulimtia Nashilu wasiwasi. Ndizi zake zilikuwa zimedumaa, nyembamba kama vidole vya mtoto.

Binti yake, Jackline, aliishi na mumewe mtaa wa Levolosi, mjini Arusha. Alikuwa na mimba ya kwanza, na alitarajia kujifungua Januari. Katika ukoo wao, binti akijifungua, mama yake humpelekea mshare, ndizi za kupika, za shambani kwake mwenyewe. Humpikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kwa mkono wake. Nashilu alipikiwa hivyo na mama yake. Sasa ilikuwa zamu yake.

"Nitampelekea nini?" alimwuliza mumewe, Ephraimu. "Hizi ni ndizi au njiti za kiberiti?"

"Ardhi imechoka," alisema Ephraimu. "Nitaongeza samadi."

"Samadi umeweka mpaka mgomba unataka kuzama!"

"Basi tutanunua ndizi sokoni."

Nashilu akamtupia Upendo jani. Ndizi za sokoni zingeshibisha, lakini zisingekuwa za mama.

Wakati huo Pudensiana, jirani yao, aliingia kuchukua maziwa. Pudensiana alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara kuu.

"Shikamoo, Mama Jackline."

"Marahaba, mwanangu."

Pudensiana aliinua macho. Mgomba ulibakiwa na majani matatu tu.

"Jamani! Mgomba huu umenyolewa kama kuruta!"

Ephraimu alicheka. Nashilu hakucheka.

"Mkungu haunenepi," alisema. "Na samadi tumeweka."

"Mama, samadi ni chumvi. Si unga. Ukitia chumvi kwenye maji bila unga, utapata ugali?"

"Unga uko wapi, basi?"

"Njoo kitaluni mchana. Nitakuonyesha."

Mchana Nashilu alikwenda. Pudensiana alikuwa ametoa majani ya majini kwenye mfereji. Aliyatia ndani ya glasi ya maji, akaiweka juani.

"Tazama tu," alisema.

Wakachuchumaa kando ya glasi. Baada ya muda, viputo vidogo vilitokea kwenye majani. Vilipanda kimoja kimoja, viking'aa kama shanga. Nashilu alihisi kama anaangalia kitu kinachopumua usingizini.

Pudensiana akaisogeza glasi kivulini. Viputo vikapungua, halafu vikakoma.

"Vimekwenda wapi?" aliuliza Nashilu.

"Jani limeacha kupika. Jani ni jiko, mama. Moto wake ni jua. Mizizi inaleta maji. Jani lenyewe linavuta hewa. Vikipikwa pamoja, inatoka sukari. Hiyo ndiyo inayojaza ndizi. Na vile viputo ni hewa safi, ile tunayovuta mimi na wewe."

"Kumbe nilikuwa namkatia Upendo majiko!"

"Kila asubuhi."

"Nikiacha leo, yatarudi?"

Pudensiana alitikisa kichwa taratibu. "Yatakayobaki ndiyo hayo. Mgomba ukishatoa ua, hautoi jani jipya tena. Una mwingine ambao haujatoa ua?"

Nashilu akaukumbuka mgomba wa mwisho, ule wa kando ya mfereji. Ulikuwa mbali na banda. Kwa uvivu tu, hakuwahi kuukata.

"Basi huo ulinde," alisema Pudensiana. "Ubaki na majani mabichi manane au zaidi. Kata lililokauka tu. Na Upendo mkatekatie mashina ya migomba iliyokwisha vunwa. Mvua ikija, pandeni mabingobingo, zile nyasi ndefu za kulisha ng'ombe."

Ua la mgomba wa kando ya mfereji likatoka Septemba. Oktoba ilikuwa ngumu. Mashina yalikuwa yamekwisha, maziwa yalipungua, na Upendo alilia asubuhi nzima. Siku moja Nashilu alijikuta kando ya mfereji, panga mkononi.

Akatazama juu. Jua lilikuwa limepenya jani moja pana, na jani lote liliwaka kijani kama dirisha la kanisa. Kila kitu kilikuwa kimya. Lakini humo ndani, alijua sasa, kulikuwa na kazi. Kulikuwa kunapikwa.

Akashusha panga. Alivuka mfereji, akaenda mbali kukata nyasi za bondeni.

Mvua za vuli zilipokuja, Ephraimu alipanda mabingobingo mpakani mwa shamba. Yalipokomaa, Upendo aliacha kulia, na maziwa yakarudi.

Januari simu ikalia. Jackline alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Ephraimu aliangusha mkungu wa kando ya mfereji. Ulikuwa mzito mpaka akaomba msaada.

"Njiti za kiberiti hizo!" alisema akihema.

Kule Levolosi, Nashilu alipika mtori uani. Jackline alikaa kwenye mkeka, mtoto kifuani. Jua la asubuhi liliigusa miguu yao.

"Kula jua, mwanangu," alisema Nashilu akimpa bakuli.

"Mama! Umeanza kuota mchana?"

"Siyo ndoto. Jua limeingia kwenye jani. Jani likajaza ndizi. Sasa jua hilo linaingia kwako."

Jackline alikunywa mtori, akacheka. Mtoto akageuza kichwa, akalitafuta titi, akaanza kunyonya.

"Na sasa," Nashilu alinong'ona, "linamfikia huyu."