Chukua Tu, Mwanangu

Mtambo-mlezi uliinua kijiko, ukaupuliza uji, kisha ukainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto kabla ya kumlisha mzee Eino. Ambakisye, fundi wa nyumba ile ya wazee mjini Oulu, kaskazini mwa Ufini, aliiachia bisibisi ikaanguka sakafuni. Mtambo ule mpya, uliotolewa kwenye kreti asubuhi hiyohiyo, ulikuwa na sura ya mama yake.

Haikuwa kufanana tu. Alikuwa ni yeye: mwanya wake, kovu lake juu ya nyusi, na ule mtindo wa kupuliza uji huku amefumba jicho moja. Uliongea Kifini safi kwa sauti ya mwanamke wa Tukuyu ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege. Ambakisye aliketi juu ya kreti.

"Unaumwa?" aliuliza Pirjo, msimamizi wa zamu.

"Yule ni mama yangu."

Pirjo alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha.

Yote yalianza kama mchezo. Jioni za ughaibuni ni ndefu, na Ambakisye alinunua kamera ili asije akaanza kuongea na kuta. Akajiunga na Ghala la Sura, benki ya picha ambako mtu yeyote huweka picha zake na wenye shughuli zao, hata watengenezaji wa mitambo, wakazichukua. Alipiga picha za theluji mpaka theluji yenyewe ikachoka. Ghala likazikataa zote: hii ina ukungu, hii inaonyesha nembo ya duka, hii haina nafasi ya kuweka maandishi. Alipokwenda likizo nyumbani, akampiga picha mama yake jikoni akimlisha uji mtoto wa jirani. Hiyo ilipokelewa kabla hajamaliza chai yake. Alitamba nayo kazini wiki nzima, mtu mzima na akili zake.

Ghala lilihitaji ridhaa ya mwenye sura, nalo likampigia mama simu lenyewe, kwa Kiswahili. Ambakisye hakuuliza waliongea nini. Sasa Pirjo aliitafuta ile ridhaa ndani ya kumbukumbu za mtambo, wakaisikiliza.

"Shikamoo, mama," ilisema mashine ya Ghala.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama. Tunaomba sura yako."

"Chukua tu, mwanangu."

"Na sauti?"

"Chukua tu."

"Na mikono, na mwendo wako?"

"Chukua, baba. Uzee huu navifanyia nini?"

Ambakisye alijishika kichwa. Angemweleza vipi Pirjo kwamba kwao mtu akikuamkia kwa adabu humnyimi kitu? Mama hakujua kwamba anatoa ruhusa. Alikuwa anakaribisha mgeni.

"Inafutika," alisema Pirjo kwa upole. "Mwenyewe akitamka kwamba anakataa, mitambo yote itavuliwa sura hiyo."

"Yote? Kwani iko mingapi?"

"Nyumba za wazee za nchi nzima zimeagiza."

Ambakisye alipiga simu ya video papo hapo. Mama aliipokea akiwa kwenye kiti chake jikoni. Tangu aanguke na kuumia nyonga alitembea kwa kushika ukuta, na mabinti zake wote walikuwa wameolewa mbali. Ambakisye alimweleza, kisha akaielekeza simu kwa mzee Eino na yule mama mwingine.

"Sema neno moja tu, mama. Sema unakataa."

Mama aliisogeza simu karibu na macho. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huyo mzee hana watoto?"

"Anao. Wako mbali."

"Na uji anaumaliza?"

"Leo anaumalizia. Jana alikuwa anautema."

Mama aliisogeza simu mbali kidogo. Nyuma yake jiko halikuwa na moto, na hapakuwa na sufuria juu yake, ingawa ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Ambakisye aliliona jiko hilo, akatamani asingeliona.

"Usimzime," alisema mama. "Mwache amlishe. Ila waulizie hao wenye mashine, mwanangu. Mimi nikitaka mmoja wa kunikorogea uji huku, ni lazima aje na sura yangu, au anaweza kuja na ya kwako?"

Pirjo, ambaye hakujua Kiswahili, aliuliza kama mama amekataa.