Waya Uliorudi Kwenye Swichi

Kila asubuhi kabla ya shule, Loveness alifunga ndama zizini kwao Gendabi. Baba yake hakupenda kuona ncha ya kamba imelala chini. "Ndama atajinasa mguu," alisema. "Kila ncha ifungwe."

Ijumaa hiyo Loveness alikuwa na zamu ya kufagia chumba cha kompyuta. Alikuta waya unaning'inia kutoka kwenye swichi, kisanduku chenye matundu kinachounganisha kompyuta zote. Akaona tundu moja la swichi ni tupu. Akachomeka ncha ile, akaenda zake akiimba.

Saa nne, kompyuta zikakataa kuwasiliana. Taa za swichi ziliwakawaka bila kupumzika. Na mchana wanafunzi wa shule ya Balangdalalu walikuwa wanakuja kushindana nao kwa kompyuta hizohizo!

"Loveness amefagia mpaka mtandao!" Gidamis alimchokoza.

Darasa likacheka, isipokuwa Loveness. Mwalimu Rogathe alishaonya: atakayeharibu kitu hatakanyaga tena chumba kile.

"Kabla sijamwita fundi, tuone swichi inavyofanya kazi," mwalimu alisema, akagawa kamba za katani. "Gidamis, uwe swichi. Wengine ni kompyuta. Kuvuta kamba ni kuwasalimu wote. Swichi, ukivutwa kamba moja, vuta zote zilizobaki, salamu ifike."

"Madam, swichi inakula saa ngapi?" Gidamis aliuliza.

"Ikimaliza kazi."

Brightness, mmoja wa kompyuta, akavuta kamba yake. Gidamis akavuta zilizobaki. Salamu ikafika, ikaisha.

Loveness alizitazama kamba. "Madam, naomba kujaribu kitu." Akazungusha kamba nyingine kwenye mguu wa meza, akampa Gidamis ncha zote mbili. "Brightness, salimia tena."

Gidamis alipovuta ncha moja, ya pili ikamvuta mkono. Akavuta tena zote. Ikamvuta tena.

"Jamani, nani huyu anasalimia hivi?"

"Ni wewe mwenyewe!" Brightness alicheka. "Na mimi nina salamu nyingine!"

"Subiri! Mikono imejaa!"

Loveness akamgeukia mwalimu. "Madam, ni mimi. Nilichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi. Niliona ncha moja inaning'inia."

"Kachomoe."

Akachomoa. Taa zikatulia, kompyuta zikaitikiana.

Loveness akachukua daftari lake atoke.

"Unakwenda wapi?" mwalimu aliuliza. "Aliyekosea, akachunguza, kisha akasema ukweli, huyo namtaka humu ndani. Ila siku nyingine, usichokijua uliza kwanza, au kijaribu kwa kamba kama leo."

Wageni walipofika, Loveness ndiye aliyewaonyesha swichi. Gidamis alisimama nyuma akisugua viganja.

"Karibuni," alisema. "Lakini mnisalimie mara moja tu. Nimechoka."