Gari Lililokatwa Kichwa

Jumamosi hiyo duka la magari lilifurika watu utadhani magari yanagawiwa bure. Wanunuzi walikuwa wachache. Wengi walikuja kukalia viti vipya, kupiga honi na kuulizana bei kwa sauti ya watu wenye uwezo. Katikati ya zogo hilo akaingia mwanamke mmoja katika gauni la kazi la rangi ya samawati na viatu vya mpira vyeupe, na kichwani kofia ya hospitali aliyosahau kuivua. Alikuwa mkunga. Alitoka zamu moja kwa moja, baada ya kupokea watoto wanne, wawili kati yao pacha waliozaliwa wakigombana.

Shangazi yake alikuwa nyuma yake, naye alijipamba kwa niaba ya wote wawili: gauni la zambarau, mkoba wa kumetameta, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani.

"Samahani kaka," mkunga akamwambia mwanamume wa kwanza aliyemwona amevaa tai. "Nimekuja kuchukua gari langu."

Mwanamume huyo hakuwa zamuni. Alikuwa anapita zake kwenda kula. Lakini alipoyaona macho ya yule mama, mekundu kwa kukesha na bado yanacheka, njaa ikamtoka na isirudi hadi Jumatatu.

"Karibu dada," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Uongo mtupu! Ila alikuwa mkabidhi magari kwa mwaka wa kumi na nne, na wenzake walimwita Bwana Funguo. Alikuwa mrefu kama mlingoti, mpole, na shati lake lilipigwa pasi hadi kola ingeweza kukata mkate.

Gari lilikuwa pembeni, limefunikwa kitambaa chekundu. Bwana Funguo akakamata ncha moja.

"Tayari?"

"Ngoja kwanza," mkunga akasema, mkono kifuani. "Ngoja nipumue. Miaka tisa nimelingoja hili."

"Pumua taratibu. Halitoroki."

"Hayo maneno huwa nayasema mimi kazini!"

Bwana Funguo akakivuta kitambaa. Gari lile lilikuwa na rangi ya maziwa, viti vyekundu, na weusi wa magurudumu uliokolea hata ungependa kuyapangusa kwa shavu. Paa halikuwepo. Liling'aa kiasi kwamba nzi aliyepita alisimama kujitazama, akayaweka sawa mabawa yake, akaenda zake. Mkunga hakupiga kelele. Alilizunguka mara tatu akiligusa kwa ncha ya kidole, kisha machozi yakamtoka. Bwana Funguo akampa leso.

Shangazi akainua miwani. "Mbona limekatwa kichwa?"

"Paa limekunjwa, mama. Lipo hapo nyuma. Ukibonyeza hiki kitufe linarudi."

"Na kitufe kikigoma?"

"Hakigomi."

"Wewe hujaoa. Ndiyo maana unaamini kuna vitu havigomi."

"Umejuaje sijaoa, mama?"

"Hiyo tai. Hakuna mke angekuruhusu kutoka nayo."

Sheria ya duka ilimtaka mkabidhi aende na mteja safari ya kwanza. Mkunga akashika usukani, Bwana Funguo kando yake, shangazi nyuma kama malkia anayepelekwa kutazama mali zake. Walipoingia barabara kuu upepo ukaipokonya ile kofia ya hospitali na kuitupa juu ya lori la matofali.

"Kofia yako!"

"Iache iende! Na yenyewe imefanya kazi sana!" Mkunga akacheka kwa sauti ambayo mwenyewe alikuwa hajaisikia kwa muda mrefu. Watu wa kando ya barabara wakapunga mikono, naye akawapungia.

"Kwa nini ulichagua la wazi?" Bwana Funguo akauliza.

"Chumba changu cha kazi hakina dirisha. Miaka kumi na minane natazama sakafu, saa ya ukutani, na nyuso za watu wenye uchungu. Nikasema, siku nikinunua gari, nataka nikiinua macho nione juu." Akabadili gia. "Na wewe? Unakabidhi watu furaha kutwa nzima. Huchoki?"

"Sichoki. Ila wakishaondoka hakuna anayegeuka nyuma."

Mkunga akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko usalama wa barabarani unavyoruhusu. "Wangu pia hawageuki," akasema. "Wakishabeba mtoto, wananisahau hata sura."

"Mbele, mwanangu!" shangazi akapiga ukelele. "Tazama mbele!"

Siku tatu baadaye simu ya Bwana Funguo ikalia.

"Halo, kaka wa magari. Mimi mkunga. Gari linalia."

"Linalia vipi?"

Mkunga alikuwa jikoni kwake na gari limetulia uani, kimya kama sahani. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Linalia... kwa ndani. Kama mtu aliyeachwa peke yake."

Bwana Funguo akaja baada ya dakika ishirini. Akasikiliza injini, akalala chini ya gari na tai yake, asione kitu. Wakanywa chai. Wakaongea habari za majirani, za goti la shangazi, za namna baba anavyoshika mtoto wake kwa mara ya kwanza kama ameshikishwa yai la moto. Alipotoka, jua lilikuwa limegeuka. Na kwa kuwa alikuwa mfanyakazi mwaminifu, alirudi dukani akafungua faili la gari lile na kuandika: *Ubovu wa kwanza. Mlio wa huzuni. Chanzo hakijajulikana.*

Simu ya pili ilikuwa ya paa linalofunguka "kwa uvivu". Ya tatu, kioo cha kando kinachomwonyesha mnene. Ya nne alisahau uongo wa tatu, akalalamika kioo hichohicho kinamkondesha. Kila mara Bwana Funguo alikuja, akakagua, akanywa chai, na moyo wake ukabaki pale sebuleni kama mwavuli uliosahauliwa. Na kila mara alirudi akaandika.

"Anakupenda," shangazi alimwambia mkunga.

"Anapenda gari."

"Basi mwambie wewe."

"Nimwambie nini? Nikimwita kwa ajili ya gari anakuja mbio. Nikimwita kwa ajili yangu, asipokuja?"

Bwana Funguo naye, usiku na mchana, alijiuliza yaleyale upande wa pili: huyu dada ananiita kwa kuwa mimi ni fundi wa bure, au vipi? Akaona afadhali amtendee jambo kubwa. Duka lilikuwa na sheria ambayo haikuwahi kutumika: gari jipya likifikisha ubovu wa aina saba ndani ya mwezi mmoja, linarudishwa kiwandani na mteja anapewa jingine. Simu ya saba ilipoingia (kiti kilikuwa "kinamtazama vibaya"), alimwendea meneja, akagonga meza kwa mara ya kwanza maishani mwake, akadai haki ya mteja wake hadi meneja akatia sahihi.

Barua ikamfikia mkunga Jumatano. *Gari lako litachukuliwa Ijumaa saa nne asubuhi.* Chini yake kulikuwa na orodha ya siku zote saba alizomwita, tarehe na saa, kwa mwandiko wa Bwana Funguo.

Simu ikalia palepale.

"Umeipata barua?" Bwana Funguo alikuwa anacheka kwa furaha. "Nimekupigania, dada yangu! Unapewa jipya kabisa!"

"La wazi?"

"Hapana, ya wazi yameisha na hayaagizwi tena. La paa la kawaida. Lakini imara sana! Hutapata tena haja ya kunipigia."

Mkunga akaisoma tena ile orodha.

"Halo?"

"Kumbe siku zote ulikuwa unaniandika," mkunga akasema polepole. "Mimi nakumiminia chai, wewe unahesabu."

"Ni kazi yangu kuandika..."

"Basi kazi njema." Akakata. Bwana Funguo alipiga tena mara kumi na moja. Mkunga hakupokea hata moja.

Ijumaa mkunga alilipeleka gari mwenyewe, kwa sababu hakutaka mtu mwingine aliguse. Alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri sana, lile ambalo mwanamke huvaa akienda mahali anapotarajia kulia na hataki kuonekana mnyonge. Paa aliliacha wazi njia nzima. Akamkabidhi ufunguo fundi mkuu wa duka, akakaa na shangazi kwenye viti vya wageni.

Fundi mkuu alilikagua gari kwa saa tatu. Alilisikiliza, akalifungua paa na kulifunga mara arobaini, akakikalia kile kiti na kutazamana nacho. Kisha akaingia ofisini kwa meneja, ambako Bwana Funguo alisimama wima. Mlango ulikuwa wa kioo na haukufungwa vizuri.

"Gari zima," fundi akasema. "Zima kuliko mimi."

Meneja akamgeukia Bwana Funguo. "Ubovu saba, na hakuna hata mmoja. Siku saba umetoka kazini mchana, umerudi jioni unanukia chai. Umeutunga wewe, sivyo? Ili uzurure."

Bwana Funguo akatazama nje kupitia kioo. Akamwona mkunga katika gauni la njano, na hapo, taratibu kama mtu anayewasha taa chumba kwa chumba, akaelewa kila kitu: mlio wa huzuni, kioo cha kukondesha, kiti cha macho mabaya. Akaona pia kwamba akisema ukweli, atamvua nguo mwanamke wa watu mbele ya duka zima.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Nimeutunga mimi."

"Basi vua hiyo beji, uende nyumbani."

Mkunga alisikia. Shangazi akamshika mkono. "Ukinyamaza," akamnong'oneza, "gari linabaki lako na aibu hupati. Fikiri vizuri."

"Nimefikiri, shangazi." Akasimama. Viatu vyake vikalia ko, ko, ko hadi ofisini.

"Meneja, huyu hajatunga kitu. Nimetunga mimi. Yote saba."

"Kwa nini, mama?"

Hata waliokuwa wanapiga honi waliacha. Mkunga, aliyewahi kuwaambia wanawake elfu moja wasione aibu, alijikuta anatazama sakafu.

"Nilitaka aje. Sikujua njia nyingine ya kumwita."

Fundi mkuu akatazama dari. Shangazi, kule kwenye viti, akavua miwani yake kwa mara ya kwanza na kujipangusa macho.

"Rudisha beji," meneja akasema hatimaye. "Na wewe mama, ondoka na gari lako kabla sijabadilisha mawazo. Wewe Funguo, mbona umesimama? Msindikize mteja."

Wakaondoka wawili. Shangazi alikataa kupanda, alidai goti. Mkunga aliendesha mpaka njia panda kubwa, taa nyekundu ikawasimamisha katikati ya magari.

"Ungefukuzwa kazi kwa ajili yangu, mjinga wewe."

"Na wewe ungenyamaza tu."

"Kwa nini hukuwahi kusema lolote? Chai saba!"

"Niliogopa nikisema hutaniita tena, hata kwa ajili ya gari." Akageuka akamtazama kabisa, goti lake refu likigonga kisanduku cha mbele. "Sikiliza. Mimi sina nyumba kubwa. Nina vyumba viwili, na kimoja kina dirisha kubwa la juu. Mpenzi, nataka ukae hapo na mimi. Unioe."

"Mimi nikuoe wewe?"

"Nimechanganyikiwa! Nikuoe. Tuoane. Panga maneno utakavyo, mradi ukubali."

Mkunga alicheka hadi akaegemea usukani. "Nitakujibu kwa sharti moja. Usiandike popote."

"Sina hata kalamu."

"Basi ndiyo," akasema. "Ndiyo, mpenzi."

Akamshika shavu, akambusu. Taa ikawa kijani. Nyuma yao honi zikaanza kulia kwa hasira, za malori, za teksi, za pikipiki. Lakini gari lile halikuwa na kichwa cha kuficha kitu, na dereva wa kwanza akaona, akamwonyesha wa pili. Honi hazikunyamaza. Zilibadilika tu sauti, zikawa za shangwe, na taa ile ikarudi nyekundu bila gari hata moja kusogea.