Kitanda Nilichompatia Mama kwa Uongo

Nilimsingizia mgonjwa ugonjwa ili mama yangu alale peke yake.

Ndiyo, mimi... Msiniponde kwenye komenti, someni kwanza.

Wodi ya wanawake ilifurika. Mama akalazwa mzungu wa nne na mama mmoja mkohozi, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Nikambandika jina, Mama Honi. Wodi ikacheka, naye akacheka.

Mnaujua mdomo wangu. Saa ya kuona wagonjwa nilizunguka kila kitanda kukusanya umbea, kwa mama nakaa dakika tano.

Siku ya tatu nikamvuta nesi pembeni. Nikamwambia kwamba Mama Honi anatema damu, nimeona kwa macho yangu.

Sikuona kitu!

Chumba cha kutenga wagonjwa kilijaa. Wakamtandikia godoro mwisho wa korido, jirani na choo, mpaka vipimo vitoke. Watu wakawa wanampita wameziba pua.

Kesho yake nafika nimechangamka... kitanda cha mama kina wagonjwa wengine wawili.

Nikatoka kumtafuta.

Nikamkuta koridoni, kwenye lile godoro, kichwa chake miguuni kwa Mama Honi.

“Mama, si nilikuhangaikia kitanda?”

“Nimekiacha.”

Akaniambia kwa sauti ya chini. Tangu alazwe alikuwa hawezi kujizuia, shuka linachafuka. Mama Honi ndiye aliyekuwa akimfuta na kumsitiri kwa khanga yake. Nesi akiuliza nani kachafua, Mama Honi anajibu, “Ni mimi.”

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Nikuambie wewe? Wodi nzima ingejua kabla sijabadilishwa shuka.”

Jamani...

Mama Honi akainua kichwa. “Usimgombeze, shoga. Mtoto kamwonea mamaye uchungu.”

Bora angenitukana.

Nikaenda kwa nesi, nikakiri mbele za watu. Hakunifokea. Akasema vipimo vimetoka, Mama Honi hana kifua kikuu, ila kitanda sasa kina wenyewe.

Nikarudi na beseni na maji. Nikainama kumfuta mama. Akanishika mkono.

“Anza na mwenzangu.”

Nikaanza naye. Siku nne zilizofuata wote wawili walilala sakafuni, na aliyewalaza pale ni mimi.

Ukienda kumwona mgonjwa wako, kaa naye. Na ukijua la kumsitiri, mdomo ufunge.