Rejeta ya Mke Wangu Niliifunga kwenye Gari la Mwanamke wa Mikese

Nina umri wa miaka arobaini na tatu, mkazi wa Bigwa hapa Morogoro. Naitwa Kasto. Nina mtoto mmoja, binti yangu Neema, yuko kidato cha pili. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi yangu imekuwa kubeba ndizi na matunda kutoka Matombo kuleta sokoni mjini kwa pikapu yangu.

Ndugu wasomaji, haya ninayoyaandika sijawahi kumweleza mtu yeyote kwa ukamilifu, hata padri. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunitukana...

Mke wangu ni Anastazia, mzaliwa wa Matombo, fundi cherehani. Na msidhani ni fundi wa kutia viraka! Maharusi walitoka Kihonda na Mazimbu kuja kushonewa gauni kwenye kibaraza chetu. Alikuwa na jicho yule mwanamke! Ukipita tu barabarani alishajua kiuno chako bila kukushikia tepu. Mashati yangu yote alinishonea yeye.

Pikapu yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: rejeta. Kila asubuhi nilikuta dimbwi chini ya bampa. Nami nilikuwa na tabia mbaya ambayo madereva wengi tunayo. Gari likichemsha, nashuka mtoni, nachota, najaza, naondoka. Dawa ile ya kuchanganya na maji ili rejeta isishike kutu niliiona ni anasa ya matajiri. Miaka na miaka nilikuwa nalinywesha gari langu tope.

Fundi wangu, Shomari, aliichomelea rejeta hiyo mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Kaka Kasto, hii imeoza. Nikiziba hapa inatoboka pale. Tafuta mpya, vile vilima vya kwenu havina huruma."

Niliporudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Kesho yake akauza cherehani yake ya kudarizi, ile aliyokuwa akiifuta vumbi kila jioni. Jioni nikaona bajaji imesimama mlangoni, Anastazia ameketi nyuma amepakata rejeta mpya, ameifunga khanga kama mtoto mchanga.

"Baba Neema," akaniambia huku akicheka, "njoo umpokee mwanao wa pili."

Tulikuwa tumemtafuta huyo mtoto wa pili miaka mingi bila kumpata. Utani ule ulinichoma moyo, nikamkumbatia pale pale barabarani. Laiti ningekufa siku ile!

Shomari aliifunga. Gari likatulia kabisa. Nilipanda Matombo na kurudi bila hata tone kudondoka. Mke wangu kila nilipofika aliniuliza kwanza, "Mwanao hajambo?" Tunacheka...

Sasa naomba nifike kwenye dhambi yangu.

Pale Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar, kulikuwa na mwanamke mjane anaitwa Zubeda. Alikuwa akiuza chakula, na alikuwa na pikapu ya aina moja na yangu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nilianza kwa kula wali pale. Baadaye nikawa napita hata siku nisizokuwa na mzigo. Sitaki kuwaficha, tulikuwa wapenzi kwa karibu mwaka mzima. Nilimdanganya kwamba mimi na mke wangu tumeshaachana, kila mtu na maisha yake.

Siku moja nilimkuta Zubeda analia. Rejeta ya gari lake imepasuka, na bila gari hawezi kufuata mchele wala kuni. Hakuniomba chochote, wallahi hakuniomba. Lakini mwanaume akitaka kuonekana mwanaume mbele ya mwanamke wa nje, akili yake huwa iko wapi? Nikajipiga kifua. "Usilie. Wiki hii hii utapata mpya."

Nilikwenda kwa Shomari nikamwambia aifungue rejeta yangu, anirudishie ile mbovu. Akasema, "Hii alikuja kuilipia shemeji mwenyewe hapa duka la jirani. Anajua?" Nikamjibu kwa ukali kwamba gari ni langu. Akafanya kazi yake, hakutaka hata soda yangu. Rejeta mbovu aliichomelea tena, nami nikaipuliza rangi nyeusi ing'ae, ili mke wangu akifungua boneti asishtuke. Ile mpya nikaipeleka Mikese, nikaifunga kwenye gari la Zubeda.

Wiki mbili hazijaisha.

Kulikuwa na harusi Matombo. Gauni la bibi harusi lilikuwa limeshonwa na Anastazia, usiku na mchana kwa siku tisa, akishonea shanga moja moja kwa mkono kwa sababu ile cherehani ya kudarizi haipo tena. Tulitakiwa kulifikisha asubuhi kabla ya misa.

Wakati wa kuondoka nilitia madumu mawili ya maji nyuma, kama nilivyozoea enzi za ubovu. Mke wangu akayaona. "Maji ya nini tena, na rejeta ni mpya?" Nikayateremsha madumu kwa mikono yangu, nikayaacha uani, ili uongo wangu usimame! Nikabaki na dumu moja dogo tupu lililokuwa chini ya kiti.

Tulipita Mkuyuni salama. Kwenye mpando wa mbele, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikajifanya sioni. Mara mvuke ukafoka pande zote za boneti, gari likazima.

Nilishuka nikafungua boneti. Anastazia naye akashuka, gauni amelilaza kitini kwa uangalifu. Akauliza kuna nini, kitu kipya kinachemshaje? Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipotamka sentensi ambayo nitaulizwa kaburini. Nilimwambia, "Si kitu, mama Neema. Rejeta nzima kabisa. Ni upepo tu umejaa ndani, ukitoka litakaa sawa. Ngoja nikachote maji."

Nikachukua lile dumu nikateremka bondeni kwenye kijito. Sikumwambia asiguse mfuniko wa rejeta. Sikumwambia kwamba maji yale ndani yanachemka kuliko ya chungu cha makande, na kwamba mfuniko ukifunguliwa yanaruka kama risasi. Kichwa changu kilikuwa kinatafuta uongo mwingine wa kumpa nikirudi.

Nilikuwa nimeinama nachota niliposikia ukelele.

Nilipanda ule mlima kwa magoti na kucha. Nilimkuta ameanguka kando ya barabara, mikono usoni, kitambaa cha kufutia mikono kiko chini, na mfuniko wa rejeta umetupwa huko. Alikuwa anaita, "Kasto! Kasto, nilikuwa natoa upepo! Nilitaka twende, tutachelewa!"

Natoa upepo...

Gari la mkaa lililokuwa linashuka ndilo lililotubeba hadi hospitali mjini. Kuhusu lile gauni, sikumbuki nani alilifikisha.

Alilazwa wiki saba. Uso ulipona kwa makovu. Jicho la kushoto lilikufa. La kulia madaktari walihangaika nalo, likabaki kutofautisha mchana na giza tu. Mke wangu, aliyekuwa anatunga uzi kwenye sindano huku anaongea na wateja, akawa anapapasa kikombe cha uji.

Mnadhani alinilaumu? Hata kidogo! Alijilaumu mwenyewe. Kila aliyekuja kumwona alimwambia, "Ni ujinga wangu, niligusa nisichokijua." Na watu walivyo, walimsema mbele yangu. Fundi cherehani na injini wapi na wapi? Mama yake mzazi alimkemea kitandani. Nami nimeketi pembeni nimeshika mkono wake... nimenyamaza! Miezi mitatu nilimwacha mke wangu abebe kosa langu.

Siku moja kaka yake, shemeji Gaspa, alikuja Bigwa. Akasema haiwezekani rejeta mpya ikachemsha, huyo muuza duka alitupa kitu kibovu, twende tukambane. Nikaanza kupinga, tusimsumbue mtu wa watu. Anastazia akageuza uso upande wangu. Akasema taratibu, "Nipelekeni kwenye gari."

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, tangu livutwe hapo halijaguswa. Gaspa akafungua boneti, akamshika mkono dada yake akauweka juu ya rejeta. Vile vidole vilizoea kusoma kitambaa. Vilipita juu, vikashuka pembeni, vikarudi juu, vikasimama kwenye uvimbe wa madini ya risasi pale alipochomelea Shomari.

"Ile yangu ilikuwa na kichwa cha plastiki," akasema. "Niliipakata njia nzima, naijua. Hii ni bati, tena ina makovu kama mimi. Baba Neema, ile yangu iko wapi?"

Nikasema neno moja tu. "Mikese."

Kumbe tetesi za Mikese alishazisikia siku nyingi, akachagua kutoziamini. Hakupiga kelele. Alisema, "Gaspa, nenda kanifungie nguo zangu." Jioni ile waliondoka kwenda Matombo, na Neema akamfuata mama yake.

Nilikwenda Mikese kama mwendawazimu, nikamweleza Zubeda kila kitu. Alikaa chini kwenye vumbi. "Ungeniambia ni ya mkeo," akasema, "ningetembea kwa miguu maisha yangu yote." Akanifukuza, na alikuwa na haki.

Ndugu zangu madereva, kagueni rejeta asubuhi gari likiwa la baridi. Msijaze maji ya tope, na iliyooza muitoe. Gari likichemsha, zimeni, subirini lipoe kabisa, na mwambieni kila mliye naye asiguse mfuniko. Na ninyi wenye wake wanaowaamini, nawasihi kwa machozi, acheni kuwadanganya hata kwa jambo dogo! Mimi sikumpiga mke wangu wala sikummwagia maji ya moto. Nilimdanganya tu, na tazameni kilichotokea.

Kila Jumapili baada ya misa napanda Matombo kumwona. Mama mkwe ananipa kigoda nje. Anastazia hunisalimu vizuri, kama mtu anavyomsalimu mgeni, huku akichambua iliki kwa vidole.

Jumapili iliyopita aliniuliza nimevaa shati gani. Moyo uliniruka kwa furaha, kwani ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza chochote tangu aondoke nyumbani. Nikamwambia nimevaa lile la bluu alilonishonea Pasaka.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelivaa.

Akaweka iliki chini. Kisha akamwita Neema kutoka ndani, akamwambia, "Hebu mwangalie baba yako, uniambie amevaa nini."