Aliposwa Katikati ya Mazoezi

"Nataka nikuoe. Nimechoka kukutazama ukiondoka na mwingine."

Mpiga piano alisema hivyo huku mkono wake wa kushoto ukiendelea na wimbo. Chiriku alikuwa ameegemea piano, amevaa gauni la shanga lenye pini kwapani, anasubiri kuingia ubeti wa tatu. Alijua kila neno la mchezo ule, la kwake na la wenzake. Maneno hayo hayakuwemo.

Hakushtuka sana. Mwongozaji wao, waliyemwita Bosi, alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Humnong'oneza mwigizaji mmoja maneno mapya akamficha mwenzake, ili mshangao utoke wenyewe. Sharti lake lilikuwa hili: ukirushiwa maneno usiyoyajua, usisimame wala usiulize, jibu kama mhusika wako. Ukisimama, mnarudia tukio zima toka mwanzo, na hakuna aliyetaka kurudia kitu jioni ile.

Na mhusika wake alikuwa mwanamke mgumu. Mchezo ulikuwa wa nyimbo, unatokea ndani ya klabu ya kifahari, vita vimekwisha majuzi tu. Watu wamerudi, wamevaa vizuri, wanacheza dansi, hakuna anayetaka kuulizwa alikuwa wapi. Chiriku ndiye mwimbaji wa klabu, mjane anayejifanya si mjane. Mpiga piano anampenda, yeye anamkataa na kuondoka na afisa tajiri. Basi Chiriku akaweka mkono kiunoni.

"Wewe? Mimi niolewe na mtu wa kinanda?" Akacheka kile kicheko cha jukwaani. "Bwana, wenzio wananipa nyumba, wewe unanipa wimbo. Cheza. Kazi yako ni kucheza."

Wacheza dansi waliokaa kwenye meza za klabu walipiga makofi. Mafundi wa taa wakapiga mluzi. Mpiga piano alirudisha mkono wa kulia kwenye piano akamalizia wimbo, na Chiriku aliimba ubeti wa tatu vizuri kuliko siku zote.

Walipopumzika alimfuata, akampiga begani.

"Leo umeweza. Kidogo tu ningeamini."

"Kidogo tu?"

"Ile sauti uliitoa wapi? Na wewe ni mwalimu wa muziki, si mwigizaji."

Mpiga piano alimtazama kama mtu anayetafuta namba ya nyumba asiyoijua. Kisha akachukua koti lake.

"Basi sawa," alisema, akatoka bila kumngojea.

Hapo ndipo Chiriku alipoanza kuchanganyikiwa. Kila baada ya mazoezi walitembea pamoja hadi kituo cha basi, yeye akiongea, mpiga piano akisikiliza. Ndiyo maana aliitwa Chiriku, mdomo haupumziki. Lakini kuna jambo moja ambalo mdomo huo haukuwahi kumwambia mtu: alimpenda yule mwanamume, tena sana, na alikuwa akingoja neno kutoka kwake hadi kungoja kukamchosha.

Alipofika nyumbani simu ikalia, ujumbe.

"Nimekuelewa. Nitacheza onyesho la kwanza kwa sababu niliahidi. Baada ya hapo naenda kufundisha shule nyingine, mji mwingine. Usijali."

Akajibu, "Umeelewa nini?"

Kimya.

"Nimekukosea wapi?"

Kimya.

Kesho yake alimwonyesha shangazi yake ujumbe ule. Shangazi ndiye aliyekuwa fundi wa mavazi wa kikundi, na muda huo alikuwa amepiga magoti anapunguza pindo la lile gauni.

"Shangazi, mwanamume akisema amekuelewa, huwa ameelewa nini?"

"Mara nyingi huwa hajaelewa kitu. Simama wima."

"Anahama. Hata salamu hanipi. Leo nimemwekea kiti, kaenda kukaa na wapiga ngoma."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Sijui."

"Umemtukana?"

"Mimi? Jana nilimsifu, Shangazi. Nilimwambia ameigiza vizuri."

"Mh. Geuka nyuma."

Chiriku akageuka, macho yamejaa machozi. Alipitia kila neno alilomwambia njiani, kituoni, kwenye basi. Hakuona kosa. Kukosea ukajijua ni afadhali, unaomba msamaha yakaisha. Huku alikuwa kama anafiwa na mtu mwenye afya na hajui amekufa kwa ugonjwa gani.

Bosi alipoingia kukagua mavazi, Chiriku akakumbuka kumuuliza jambo la kazi, ili asilie mbele yake.

"Bosi, yale maneno ya posa yanabaki? Kama yanabaki niyashike."

"Maneno gani?"

"Ya mpiga piano. Pale kabla ya ubeti wa tatu. 'Nataka nikuoe, nimechoka kukutazama.'"

Bosi akavua miwani. "Mimi sijampa maneno yoyote."

"Juzi na jana umekuwa ukinong'ona na watu."

"Na wacheza dansi. Ninyi wawili sijawanong'oneza kitu tangu ile siku ya 'nakupenda'. Na jana wakati wa wimbo huo sikuwemo ukumbini kabisa, nilikuwa nje naongea na simu."

Taa za jukwaani zinapiga usoni, viti vya mbele huvioni. Chiriku hakuwa amejua kwamba kiti cha Bosi kilikuwa kitupu. Alikaa chini na gauni lake la pini.

"Shangazi," alisema polepole, "nimeposwa."

"Lini?"

"Jana. Nikamwita mtu wa kinanda. Mbele za watu. Halafu nikampongeza."

Shangazi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mto wake.

"Na ile siku ya 'nakupenda' ilikuwaje?"

Hiyo nayo ilikuwa mbaya. Mwanzoni mwa mazoezi Bosi alimnong'oneza Chiriku amwambie mpiga piano "nakupenda" katikati ya wimbo. Mpiga piano ni mwalimu wa muziki wa shule ya msingi, aliajiriwa kucheza tu, mambo ya waigizaji hakuyajua. Aliamini. Alitembea akitabasamu hadi wenzake walipomwambia, wakamcheka mpaka akaacha kula nao. Chiriku hakucheka. Alinyamaza tu, kwa sababu neno lile alilisema kwa kuamriwa na bado lilikuwa kweli, na hakujua angemwelezaje.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Nisikilize, usikate," alisema Chiriku. "Nilidhani ni maneno ya Bosi. Sikujua kama ni maneno yako. Mimi nakutaka. Nakupenda toka zamani."

Mpiga piano alicheka kidogo, bila furaha.

"Hii ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Mwambie Bosi nimempa maksi zote."

"Bosi hahusiki hapa."

"Ndivyo ulivyotakiwa useme."

"Naapa."

"Chiriku, tafadhali. Mara ya kwanza nilichekwa nikavumilia. Mara ya pili nilisema ya moyoni, nikapigiwa makofi. Ya tatu siiwezi."

Simu ikakatwa. Chiriku alibaki ameishika. Kwa mpiga piano, akiongea anaigiza, akiandika ameandikiwa, akilia ni kazi yake kulia. Alifikiria kumjibu jukwaani, mbele ya ukumbi mzima, na akamwambia Shangazi wazo hilo.

"Thubutu," Shangazi alisema. "Watu watapiga makofi, Bosi atafurahi, na yeye ataondoka. Mambo ya kuoana mahali pake ni nyumbani. Kesho asubuhi vaa kawaida, tunaenda kwa mama yake."

"Siku ya onyesho?"

"Onyesho ni alasiri."

Nyumba ilikuwa nyuma ya shule, ndogo, imepakwa chokaa, na ndani piano kuukuu ilichukua nusu ya sebule. Mama yake mpiga piano aliwafungulia. Alimtazama Chiriku usoni, akamtazama miguuni, akarudi usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu mtu wa kinanda?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

"Alinunua shati jipya siku ile," mama aliendelea. "Akaniambia, mama, leo nazungumza naye. Nikamwambia usiseme kazini. Akasema huko ndiko anapopata ujasiri, kwa sababu mikono yake inakuwa kwenye piano. Aliporudi hakula."

"Dada," Shangazi aliingilia, "tumekuja kwa hilohilo. Mimi ni shangazi yake, nimemlea. Naomba tukae."

Wakakaa. Mpiga piano alitoka chumbani amevaa fulana, akasimama mlangoni. Aliwatazama wote watatu kwa zamu.

"Shangazi naye amenong'onezwa?"

"Mimi, baba?" Shangazi alisema. "Anayeninong'oneza mimi bado hajazaliwa. Mimi nashona nguo. Nimekuja na miguu yangu kusema kwamba mtoto wetu amekosea, na hakukosea kwa dharau, alikosea kwa upuuzi wa kazi yenu. Basi. Mengine aseme mwenyewe."

Mpiga piano akamgeukia Chiriku.

"Sema."

Chiriku alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa na sentensi ya kuanzia na ya kumalizia. Alipomtazama, zote zikaondoka. Akashika ukingo wa kiti. Akakohoa. Akaanza, "Mimi..." akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale.

"Anaumwa?" mama aliuliza.

"Sijawahi kumwona hivi," Shangazi alijibu.

"Sijui niseme nini," Chiriku alisema mwishoni, na sauti ilikuwa nyembamba, imekauka, haikufaa jukwaa lolote. "Nikisema vizuri utadhani naigiza. Nikinyamaza unaondoka. Nimechanganyikiwa. Ile siku ya 'nakupenda' niliambiwa niseme, na ilikuwa kweli. Siku uliyoniposa ilikuwa kweli, mimi nikaigiza. Sijui tena kipi... Samahani kwa lile neno. Ulinunua shati, mimi sikuliona. Naomba usihame."

Kisha akalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kubaya, na kamasi, na mkono wa gauni ukafanya kazi ya leso.

Mpiga piano alivuta kiti cha piano akakaa karibu naye, magoti yakigusana.

"Nakuuliza mara moja, hapa, mbele ya mama. Utanikubali?"

"Ndiyo."

"Sikusikia."

"Ndiyo, ndiyo. Usinifanye nirudie, nitakwama tena."

Mama akainuka kuweka maji ya chai jikoni. Shangazi akamfuata. Kutoka jikoni walisikika wakiulizana habari za koo zao.

Alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Klabu iling'aa, taa ndogo za mezani zikawaka, wacheza dansi wakazunguka na viatu vyao vilivyopigwa rangi. Ubeti wa tatu ulipokwisha, Chiriku aliegemea piano akamkataa mpiga piano kama mchezo unavyotaka. Alimwambia hana moyo wa kumpa, hana subira ya kumngojea, asimtafute tena. Akavaa glovu zake, akashika mkono wa afisa tajiri, akaelekea mlangoni bila kugeuka, maana akigeuka angecheka na kuharibu.

Mpiga piano aliinamisha kichwa juu ya piano, mabega yakimtetemeka.

Kwenye safu ya mbele mwanamke mmoja alitoa leso akamgusa mumewe.

"Mwone yule kaka," alisema. "Analia kweli, maskini. Kuna mtu kamuumiza huko nyumbani."